NYASI TELE, MAZIWA HABA: Kutunza Ng'ombe Baada ya Mvua Nyingi



Kila mvua ya masika inapokwisha, ile ambayo wazee wa Nyeri na Murang'a huiita mvua ya njahi, tunasikia neno moja katika vikundi tunavyotembelea: "Nyasi ziko, ng'ombe anakula mpaka anaacha, lakini maziwa hayaongezeki." Baada ya miezi miwili au mitatu linakuja neno la pili: "Na tena hajaonyesha joto." Mvua kubwa za mwaka 2024 zilipopita tulilisikia neno hili la pili hata kutoka kwa wafugaji wazoefu, wenye boma safi na nepia ya kijani mpaka kwenye ua.

Wengi hudhani haya ni mambo mawili. Wanamwita mtu wa dawa kwa ajili ya maziwa, na mtu mwingine kwa ajili ya mimba. Sisi tumejifunza kwamba mara nyingi ni jambo moja. Ng'ombe asiyeonyesha joto mwezi wa saba anatuambia jinsi alivyolishwa na kutunzwa mwezi wa nne na wa tano. Kwa hiyo katika toleo hili tufuate njia yetu ya siku zote: tutazame, tuamue, kisha tutende.

HASARA ISIYOONEKANA

Tuanze na hesabu, maana hasara hii haimlizi mtu siku ile ile. Ng'ombe akifa, kijiji kizima hujua. Ng'ombe akichelewa kushika mimba, hakuna anayepiga kelele.

Chukua ng'ombe aliyezaa tarehe 1 Machi. Akipandishwa tarehe 24 Mei na kushika, atazaa karibu tarehe 3 Machi mwaka unaofuata, kwa kuwa ng'ombe hubeba mimba siku 283 hivi. Huyo amekupa ndama mmoja kwa mwaka. Sasa sema amepitisha joto tatu bila kupandishwa. Atashika tarehe 26 Julai, na atazaa karibu tarehe 5 Mei. Umepoteza siku 63.

Siku hizo 63 zina thamani gani? Ng'ombe aliyetoka kuzaa anaweza kutoa kilo 12 kwa siku, na yule anayeelekea kukauka akatoa kilo 4. Tofauti ni kilo 8. Mara siku 63, ni kilo 504. Kama ushirika wenu unalipa shilingi 45 kwa kilo, hizo ni shilingi 22,680. Weka bei yenu wenyewe mpige hesabu upya, lakini mtaona kwamba hiyo ni karo ya mtoto iliyopotea bila mwizi kuingia nyumbani.

TUTAZAME: KUSHIBA SI KULISHWA

Ng'ombe aliyezaa hutoa maziwa kabla ya kujifikiria mwenyewe. Chakula kisipotosha, huchukua mafuta ya mwili wake akayatia kwenye ndoo. Utaona maziwa wiki za kwanza ukafurahi, huku mbavu na nyonga zinajitokeza. Mwili ukishakonda, hufunga mlango wa uzazi mpaka hali iwe nzuri. Huo si ugonjwa, na wala hakuna aliyemroga. Ndivyo alivyoumbwa.

Lakini atakondaje na nyasi zimejaa? Hapa ndipo mvua inapotudanganya. Nyasi changa za mvua ni maji mengi. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji karibu kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani kile kinachobaki maji yote yakitoka. Nepia ya wakati wa mvua, katika kila kilo 100, inaweza kuwa na kilo 15 tu za chakula kikavu. Kwa hiyo atahitaji kilo 80 za nepia hiyo kwa siku. Mzigo wa mgongoni ukiwa kilo 30, mizigo miwili inampa kilo 9. Tumbo limefura kama ngoma, lakini ng'ombe ana njaa.

Msituamini kwa maneno. Fanyeni jaribio hili mkutano ujao. Pimeni kilo 10 za nepia mbichi kwa mizani ya maziwa. Ikateni vipande vidogo, mwianike kwenye gunia juani, muigeuze kila siku na kuiingiza ndani usiku, mpaka ikishikwa inavunjika. Kisha pimeni tena. Kile kitakachobaki ndicho ng'ombe alichokula kweli. Tumeona wazee wakiangalia mizani mara mbili wakidhani imeharibika.

Kuna udanganyifu wa pili. Mvua ikizidi, nepia hutuzidi mbio. Mtu hawezi kuingia shambani kwa ajili ya tope, na akiingia anakuta imempita kichwa. Nepia iliyokomaa hivyo ni miti: protini yake hushuka hadi karibu nusu ya ile iliyokatwa ikiwa ya kimo cha mita moja hivi. Ng'ombe huchagua majani, anaacha fito, na sisi tunamlaumu kuwa ana maringo.

TUAMUE NA TUTENDE: CHAKULA

1. Kata nepia ikifika kiunoni au kifuani. Acha kisiki kifupi cha sentimita 5 hadi 10 ichipue upya. Iliyokwisha kukomaa ikate yote ishuke chini, uipe mbolea ya boma, uanze upya.

2. Nyasi zilizolowa zianike nusu siku kabla ya kulisha. Tuelewane hapa: kuanika hakuongezi chakula, kunapunguza maji ili tumbo lipate nafasi ya kuingiza zaidi. Kwa hiyo lazima ukate zaidi ya ulivyozoea. Zikate ziwe fupi, karibu inchi moja, ili asichague.

3. Changanya na majani ya jamii ya kunde: desmodiamu, lusini, kaliandra, au majani ya viazi vitamu. Utafiti uliofanywa Embu ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Kaliandra humea kwenye ua na kwenye kingo za matuta, haiombi shamba jipya. Angalizo moja: usimpe ng'ombe mwenye njaa lusini changa yenye umande, atafura tumbo na anaweza kufa. Mpe nyasi kwanza.

4. Chakula cha dukani kiende mahali kinaporudisha pesa. Wengi wetu hutoa kilo 2 kila siku mwaka mzima, sawasawa kwa aliyezaa jana na kwa anayekaribia kukauka. Pesa zile zile zingefanya kazi zaidi kama sehemu kubwa ingetolewa miezi mitatu ya kwanza baada ya kuzaa, ikiongezwa polepole ili tumbo lizoee. Huo ndio wakati anapokonda, na huo ndio wakati tunaotaka ashike mimba.

5. Chumvi ya madini na maji safi viwepo saa zote. Usiseme kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai ng'ombe hanywi. Maziwa ni maji.

6. Nyasi za ziada zihifadhiwe. Kikundi kinaweza kutengeneza sileji kwa mfuko mkubwa wa plastiki. Nepia ianikwe kidogo, ikatwe fupi, inyunyiziwe molasesi iliyozimuliwa kwa maji, karibu kilo 3 za molasesi kwa kila kilo 100 za nyasi. Kisha ishindiliwe kwa miguu mpaka hewa yote itoke, na mdomo ufungwe kabisa. Msifungue kabla ya mwezi mmoja kwisha. Sileji nzuri ina harufu ya uchachu mtamu. Ikiwa nyeusi na inanuka uozo, imekwenda mbolea.

NENO ZITO JUU YA KUVU

Mvua nyingi huleta pia mahindi yaliyoota kuvu na mabua yaliyooza. Tumesikia mtu akisema, "Hayafai kwa watu, wape ng'ombe." Ndugu zetu, hapana! Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, na 125 kati yao wakafariki. Ng'ombe akila mahindi yenye sumu hiyo, sehemu ya sumu huingia kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Utakuwa umeyakataza mahindi yale kuingia jikoni kwa mlango wa mbele, halafu ukayaingiza kwa mlango wa nyuma, ndani ya chai ya mtoto. Mahindi yaliyooza yachomwe au yazikwe.

MAGONJWA YA WAKATI HUU

Sisi si madaktari wa mifugo, na daktari lazima aitwe. Lakini daktari haishi bomani kwako. Wewe ndiwe unayeona kwanza.

Kupe na ndigana. Kupe wa masikio, yule wa rangi ya kahawia, huamka na mvua. Wakati huo huo sisi huacha kunyunyizia dawa kwa kuwa mvua itaiosha. Tafuta mwanya siku isiyo na mvua, nyunyizia kila wiki, na usisahau ndani ya masikio na chini ya mkia. Pima dawa kama chupa inavyoagiza: ukipunguza ili iende mbali, unawafundisha kupe kuizoea. Na wewe unayefugia bandani usilale, maana kupe huja na nyasi zilizokatwa kando ya barabara. Ukiona tezi chini ya sikio au mbele ya bega zimevimba, joto la mwili liko juu na ng'ombe ameacha kula, mwite daktari siku hiyo hiyo. Akianza kukohoa na kutoa povu puani, mara nyingi umechelewa. Ipo chanjo ya ndigana iliyotengenezwa hapa hapa kwetu Muguga miaka ya 1970. Hutolewa mara moja katika maisha ya ng'ombe, na bei yake ni ndogo kuliko ya ng'ombe wa gredi aliyekufa. Kikundi kikikusanya ng'ombe wengi, ni rahisi kumleta mtaalamu.

Tope. Ng'ombe anayesimama kwenye tope huoza kwato na kuugua kiwele. Mwenye maumivu ya mguu hatembei kula, na akishikwa na joto hapandi wenzake, kwa hiyo huoni dalili. Chimba mfereji wa maji kuzunguka banda, ziba mabati yanayovuja, weka takataka za mbao mahali pa kulala. Kabla ya kukamua, kamulia matone ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge au maji maji, ng'ombe huyo akamuliwe mwisho. Akitibiwa, maziwa yake yasiuzwe wala kunywewa mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

Minyoo. Anayekula nyasi za bondeni penye maji yaliyosimama hupata minyoo ya ini, inayoletwa na konokono wadogo. Hukonda, manyoya husimama, na wengine huvimba chini ya taya. Si kila dawa ya minyoo inaua minyoo ya ini, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Mimba kutoka. Ng'ombe mmoja akitupa mimba, mwite daktari. Wakitupa wengi kijijini kwa wakati mmoja baada ya mvua kubwa, piga ripoti bila kungoja. Homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu, ilizuka nchini baada ya mvua kubwa za mwaka 1997 na tena mwishoni mwa mwaka 2006, na ilichukua maisha ya watu pia. Usimshike ndama aliyetoka wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na usinywe maziwa yasiyochemshwa.

JOTO HALINGOJI MTU

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Ng'ombe mwenye afya hurudi joto kila siku 21, na joto hilo huchukua chini ya siku moja, pengine saa 12 hadi 18 tu. Dalili zake tunazijua: hulia, hutangatanga, maziwa hupungua, hutoa ute mwangavu kama wa yai, hupanda wenzake, na ile dalili ya hakika, husimama akipandwa. Aliye peke yake bandani hana wa kupanda, kwa hiyo lazima umwangalie kwa makini: alfajiri, mchana, na jioni kabla ya kulala. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi.

Siku 21 ni wiki tatu kamili. Ukimwona na joto Jumapili, na asiposhika, atarudi karibu na Jumapili ya tatu mbele. Chukua ile kalenda ya parokia iliyo ukutani, uandike herufi J siku ya joto na P siku ya kupandishwa, halafu uhesabu Jumapili tatu na utie duara. Siku hiyo, kabla ya kwenda Misa na baada ya kurudi, mtazame.

Siku 60 baada ya kuzaa anza kumtazama kwa nia. Ikipita siku 90 hajaonyesha joto, tazama mbavu zake kwanza, kisha mwite daktari ampime. Akipandishwa mara tatu asishike, usilipe mara ya nne bila kupimwa: huenda ana uchafu kwenye kizazi tangu kondo lilipochelewa kutoka. Na yule asiyerudi joto, usiseme tu "ameshika". Apimwe miezi miwili au mitatu baadaye.

NANI ANAONA, NANI ANA PESA?

Mwaka huo wa 2024 mama mmoja wa kikundi alituambia hivi: "Niliona joto saa kumi na mbili asubuhi. Pesa za A.I. ziko kwa baba watoto, na baba watoto alikuwa ameenda mazishi. Nikampigia simu haingii. Aliporudi kesho jioni, ng'ombe alikuwa ametulia kama hakuna kilichokuwa." Tulipouliza kama kuna mwingine yamempata, mikono sita iliinuka.

Hapa ndipo tuliona kwamba ugumba wa ng'ombe wetu hauko kwenye tumbo la ng'ombe peke yake. Mama ndiye anayekata nyasi, anayekamua, anayeona ute kwenye mkia. Lakini malipo ya maziwa ya asubuhi huingia kwenye akaunti ya baba, na bila ruhusa yake mama hawezi kumwita mtu wa A.I. Miaka ya nyuma serikali ndiyo iliyoleta huduma hiyo kwa bei ndogo. Ilipoachwa mikononi mwa watu binafsi miaka ya 1990, kila joto likawa linadai pesa taslimu siku ile ile. Mwenye jicho hana pesa, mwenye pesa hana jicho, na joto linapita katikati yao.

Kikundi hicho kiliamua jambo dogo. Kila mwenye ng'ombe anachanga pesa kidogo kila mwezi ziwe mfuko wa A.I. Mweka hazina ana ruhusa ya kumtumia mtaalamu malipo kwa simu mara tu mwanachama yeyote, mama au baba au hata mtoto aliyetumwa, anaposema ng'ombe ana joto. Mwenye ng'ombe anarudisha pesa maziwa yakilipwa. Kabla ya kuanza, waume waliitwa mkutanoni, wakaonyeshwa hesabu ya zile shilingi 22,680. Hapakuwa na ugomvi. Mzee mmoja alisema tu, "Kumbe tumekuwa tukizuia mia chache na kupoteza maelfu."

DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila ng'ombe awe na ukurasa wake: siku aliyozaa, siku za joto, siku ya kupandishwa na jina la ndume, siku aliyopimwa, siku anayotarajiwa kuzaa, maziwa ya asubuhi na jioni, na dawa alizopewa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuandika. Sura ya 27 ya kitabu cha Mithali inatuhimiza tuijue vizuri hali ya mifugo yetu. Kuijua si kuipenda tu. Ni kuitazama, kuihesabu na kuiandika.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ng'ombe wa kila mmoja wetu alizaa lini, na leo ni siku ya ngapi?
2. Kilo 10 za nyasi zetu zikikauka zinabaki kilo ngapi?
3. Nyumbani kwako, anayeona joto ana uwezo wa kumwita mtaalamu bila kungoja? Kama hana, tufanye nini kabla ya mvua ijayo?

Mkishajadili, chagueni jambo moja tu la kuanza nalo mwezi huu. Sisi tutakapowatembelea tutaomba kwanza kuona kalenda ya ukutani, ndipo tuone ng'ombe.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.